Nyama ya Mbegha, Bunduki za Semboja

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuingiza vifungu vilivyomruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kwa desturi za ukarimu wa kawaida. Vifungu hivyo vikajulikana nchi nzima kwa jina la takrima. Hoja ya kuvitetea ilikuwa rahisi kuitamka na ngumu kuipinga hadharani: sisi ni watu wakarimu, mgeni hali njaa kwetu, na aliyewaita watu mkutanoni hawezi kuwaacha warudi makwao midomo mikavu. Asasi tatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikiwamo, zilikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2006 majaji walivifuta vifungu vile kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na kitu na vinaipa rushwa njia ya kupita.

Mahakama ilijibu kwa Katiba. Hoja yenyewe, lakini, ilikuwa ya mila, na mila inastahili kujibiwa kwa mila. Sijui mahali pazuri pa kutafuta jibu hilo kuliko Usambara, maana watu wa milima ile wamekuwa wakijadiliana kuhusu mtawala anayegawa tangu karne kadhaa kabla ya sanduku la kura.

Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alisimulia katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichoanza kuchapishwa na wamisionari wa Magila miaka ya 1890, jinsi Mbegha alivyofika. Alikuwa mwindaji wa Nguu, aliyezaliwa kigego, aliyedhulumiwa urithi na ndugu zake. Alipanda milimani na mbwa wake akakuta nguruwe mwitu wanamaliza mashamba. Akawaua, akawagawia Washambaa nyama, nao wakamletea chakula walicholima. Akaamua kesi zao. Mwishowe wakampa nchi, na huko Vugha, palipokuwa makao ya wafalme, akaitwa Simba Mwene.

Mtetezi wa takrima akiisoma hadithi hii haraka atafurahi: nyama imetoka, ufalme umeingia. Asome tena. Nguruwe walikuwa balaa la kijiji kizima, kwa hiyo hata yule ambaye hakupata mnofu siku ile alipata mavuno mwisho wa msimu. Nyama ilipatikana kwa jasho la mwindaji mwenyewe, haikutoka kwa tajiri wa mbali ambaye angekuja kudai chake baadaye. Tena haikupokelewa bure. Watu walilipa kwa chakula chao papo hapo, mkono kwa mkono, na hakuna aliyebaki na deni la kulipa kwa utii. Mbegha alipewa nchi kwa kazi aliyoifanya, kazi iliyoonekana na kila mtu.

Waliomfuata walipimwa kwa kipimo kikali zaidi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara kuanzia miaka ya 1960 na kuandika vitabu viwili vikubwa juu yao, ameeleza kwamba Washambaa walimhukumu mfalme kwa mizani ya kuzifya shi na kubana shi, yaani je, nchi inapona mkononi mwake au inaharibika? Mvua inanyesha? Migomba inazaa? Jirani anaweza kulala bila hofu ya jirani? Mfalme mwenye mkono mpana ambaye chini yake watu walikufa njaa alikuwa ameiharibu nchi, basi. Sitaki kuupamba utawala wa Wakilindi, ukoo wa Mbegha. Walichukua mifugo ya watu, na baraza lao liliweza kumfanya mtu mtumwa. Lakini kodi iliyopelekwa Vugha ilikuwa na maana iliyoeleweka: mfalme anayekula kwetu anahitaji sisi tuvune.

Ndiyo maana habari ya Semboja inaniuma. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akaketi Vugha. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, chini tambarare, ilikopita misafara ya biashara. Vugha ilikuwa na matambiko na kodi. Mazinde ilikuwa na bunduki, baruti, nguo, na watu wa kuuzwa. Katika miaka michache Semboja alimng'oa Shekulwavu na kumweka kitini mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, ambaye bado alikuwa mtoto. Yeye hakuhamia ikulu ya mababu. Alibaki Mazinde karibu na njia ya biashara, akatawala kutokea huko.

Tumzoee huyu mtu, maana tunaishi naye mpaka leo. Hagombei, anagharimia. Na kilichoiponza Usambara baada yake kinaeleweka vizuri ukikilinganisha na enzi ya kodi. Mtawala anayepata nguvu zake kwa wafanyabiashara wa pwani hana haja na mavuno ya Bumbuli wala Mlalo. Watu wenyewe, si mahindi yao, ndio waliogeuka kuwa bidhaa. Machifu wakashambuliana, Wabondei wakaasi katika vita vilivyoitwa Kiva, na ufalme ukavunjika kabla Mjerumani hajaufikia.

Karne moja baadaye, Februari 1967, TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Sina ushahidi kwamba Nyerere alikuwa akimfikiria Semboja, lakini masharti ya uongozi yaliyomo mle yanamjibu moja kwa moja: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kiongozi ale kwa wananchi peke yao, ili maslahi yake na yao yasipishane. Azimio lilikuwa na mapungufu yake. Lilikaa chini ya chama kimoja kisichokubali kushindwa, na vijiji vya ujamaa viliishia kujazwa watu kwa amri. Hata hivyo kanuni ile ya uongozi ilikuwa safi, na ilieleweka na mkulima asiyejua kusoma.

Sasa tazama jinsi ilivyofumuliwa, na kwa mpangilio gani. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya umma yakabanwa. Februari 1991, huko Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza masharti ya uongozi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mwaka 2000 takrima ikahalalishwa. Haya hufundishwa kama masomo matano: uchumi, maadili, demokrasia, afya, sheria. Mimi nayaona kama habari moja. Mfuko wa umma ulipoanza kurudisha mkono, mkono wa mtu binafsi ulinyooshwa, na mtu binafsi hatoi bila kukumbukwa.

Njia inayopitiwa inajulikana na kila aliyewahi kukaa kijijini. Wananchi wanahamasishwa kujenga zahanati. Wanachanga, wanabeba mawe na mchanga, akina mama wanapandisha maji mlimani. Boma linafika lenta. Makubaliano ni kwamba serikali itapaua na kumalizia. Fedha za kupaulia hazipo mwaka huu, hazipo mwaka ujao, mvua za masika zinaingia ndani ya kuta. Kisha mwaka wa uchaguzi anatokea mtu na lori la mabati. Nani wa kumlaumu mama wa Mtae au Lukozi anayempigia makofi? Yale mabati ni haki yake iliyocheleweshwa mpaka ikageuka kuwa hisani. Kila boma lililokwama ni nafasi ya mgombea mwenye fedha, na bajeti inayokata fedha za maendeleo ya vijiji inazalisha nafasi hizo kwa mamia.

Hapa ndipo kulinganisha na Marekani kunasaidia, kwa sababu kule mto unatiririka upande mwingine. Wanamageuzi wa Marekani walipata sheria ya mwaka 1907 ya kuzuia makampuni kuchangia kampeni. Mwaka 1976 Mahakama Kuu yao, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, ilisema matumizi ya fedha za kampeni ni aina ya uhuru wa kusema, ikafuta ukomo wa matumizi ya wagombea. Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne waliyafungulia makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia watakavyo, mradi wasishirikiane na mgombea. Fedha hizo hazimfikii mpiga kura. Zinatoka kwa tajiri, zinapita kwa mgombea au kando yake, zinaishia kwenye matangazo ya televisheni. Malalamiko ya mrengo wa kushoto kule ni kwamba tajiri akishalipia kampeni hudai kupunguziwa kodi, na kodi ikipungua hukatwa huduma za maskini. Kule mchango huzaa kukatwa kwa bajeti. Kwetu kukatwa kwa bajeti huzaa mchango. Duara ni lile lile, ila kila mmoja ameingilia mahali pake.

Ndiyo sababu dawa ya kuazima haijatutosha. Uingereza iliweka ukomo wa matumizi ya mgombea jimboni mwaka 1883, na ikapunguza sana ununuzi wa kura. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010, yenye ukomo wa matumizi na wajibu wa kutangaza michango. Ni sheria ninayoiunga mkono. Lakini inamkagua anayetoa mabati bila kuuliza kwa nini boma halikuwa na paa.

Waislamu wa Lushoto, wilaya iliyo Usambara, ambao ni wengi humo, wana kipimo kingine kinachofika mahali sheria haifiki. Hadithi ya Mtume kuhusu mkusanyaji wa zaka inajulikana misikitini. Alirudi Madina akagawa alivyovileta mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume alikasirika, akauliza mbele ya watu kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi ile ingemfuata? Swali hilo liligeuze. Mgombea huyu angekaa kwake bila kugombea, lori la mabati lingepanda Soni? Kama lingepanda, tumwite mkarimu. Takrima ya mwaka 2000 iliapa kwa nia njema, na nia haionekani mahakamani. Swali la Mtume halihitaji kuipima nia, linaangalia tu kama cheo kikiondolewa zawadi inabaki. Nyerere naye mwaka 1995 aliuliza jambo la jamaa moja kuhusu wanaotumia fedha kuitafuta Ikulu: wamezipata wapi, na kama wamekopeshwa, watazirudishaje? Mbegha angeyajibu maswali haya yote. Semboja asingeweza.

Sisemi kwamba kila kubana matumizi ni uovu. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuifanya siku ya usafi, na fedha za hafla ya wabunge zikanunua vitanda vya Muhimbili. Karamu ya wakubwa ilikatwa ili mgonjwa alale kitandani. Mtu wa mrengo wa kushoto anayepinga hilo amesahau yuko upande gani. Ninachouliza kila mara ni kisu kimeshuka juu ya sahani ya nani. Na wakati mwingine jibu linachanganya. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima wa viazi wa Shume au nyanya wa Soni hiyo ni nafuu ya kweli, na nilifurahi. Halmashauri, hata hivyo, ilipoteza fedha iliyokuwa yake yenyewe, na pengo kama hilo lisipozibwa kutoka Hazina huzibwa na mfadhili.

Kenya wamelipeleka jambo hili mbele. Juni 2024 vijana waliukataa Muswada wa Fedha, wakaingia bungeni tarehe 25, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini. Lililonigusa zaidi lilitokea Novemba mwaka huo huo: Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha michango ambayo Rais na gavana walitoa kwa parokia ya Soweto. Kanisa lilikataa mabati, kwa maneno mengine. Nchi ambayo harambee imekuwa ngazi ya wanasiasa kwa miaka sitini iliona kwamba zawadi inaweza kurudishwa na mlango usianguke.

Lushoto haihitaji kungoja askofu wala shehe. Sheria inavitaka vijiji kufanya mkutano mkuu kila miezi mitatu, na humo mapato na matumizi yasomwe. Mkutano huo ndio baraza lililo karibu zaidi na swali la zamani la Vugha. Boma la zahanati linapaswa kutajwa pale kwa shilingi: kiasi walichochanga wananchi, kiasi kilichoahidiwa na halmashauri, kiasi kilichofika, na mwaka kilipokatwa. Hesabu hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mgombea akifika na mabati yake atayakuta yameandikwa tayari kama deni la serikali kwa wananchi, na atalazimika kueleza kwa nini analipa yeye, na atalipwa na nani.