Wokovu wa Wababu Wetu

Mapadri Weupe walipokabidhiwa kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, vizazi vingi vya wababu wetu vilikuwa vimekwisha kuzikwa bila kusikia Evanjili. Je, wote wamepotea? Penye matanga sisi makatekista tumeulizwa hivyo mara nyingi, tukakosa la kujibu. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, ulisema kwa ukali kwamba mpagani hapati uzima nje ya Eklezya. Lakini Papa Pio IX alifundisha mwaka 1863 kwamba asiyeijua imani pasipo kosa lake, akiishika sheria ya Mungu iliyomo moyoni, aweza kuokoka kwa neema. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulilithibitisha jambo hilo mwaka 1964. Nasi kila tarehe 2 Novemba twawataja wababu wetu, hata wasio na jina la ubatizo.