Je, kifutu anaweza kuzaa na nyoka asiye na sumu?

Ukikaa kijiweni Singida ukaanzisha stori za nyoka, hutakosa mtu wa kukusimulia kuhusu "chotara". Na anamweleza vizuri kabisa: alimkuta kwenye banda la kuku, ana madoa kama kifutu, anapuliza kama kifutu, ila mwili wake mwembamba. "Huyo baba yake kifutu, mama yake nyoka wa kawaida tu. Sumu yake nusu." Stori hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, na kwa mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji, nyoka wa bandani si habari ya mbali.

Sasa basi, msimuliaji hakuota. Alichokiona kipo. Kilichokosewa ni maelezo yake.

Maelezo hayo yanamfaa sana nyoka mla mayai, Dasypeltis scabra. Huyu hana sumu, na mdomoni karibu hana meno. Humeza yai la ndege likiwa zima, kisha vichomozo vya mifupa ya uti wa mgongo hulipasua akishalimeza. Anakunywa kilichomo na kutema ganda. Ukimtisha, anajikunja na kusugua magamba yake hadi yatoe mlio kama wa nyoka anayepuliza kwa hasira. Madoa yanatisha, mlio unatisha, lakini ndani hamna kitu.

Mwaka 1862 Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekuwa amekaa miaka 11 Amazon, alieleza jambo la namna hii akitumia vipepeo: kiumbe asiye na silaha hunusurika kwa kufanana na mwenye silaha. Kwa hiyo kufanana si lazima kuwe undugu. Mara nyingine ni sare tu ya kuazima.

Je, hawawezi kweli kuzaana? Hapana. Kifutu ni wa familia ya Viperidae, mla mayai ni wa Colubridae, na mababu zao walitengana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Linganisha na sisi: binadamu na sokwe mtu tulitengana miaka milioni 6 au 7 tu iliyopita. Harufu za kuitana, viungo vya uzazi na vinasaba, vyote vimekwenda njia tofauti. Hata namna ya kupata watoto ni tofauti: mla mayai hutaga, kifutu huzaa watoto hai. Jike mmoja wa kifutu kutoka Kenya, aliyefugwa kwenye bustani ya wanyama huko Czech, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja!

Lakini ngoja kwanza. Chotara wa nyoka wapo. Mwaka 1976 watafiti Broadley na Parker walichapisha taarifa ya chotara wa porini, hapa hapa Afrika, kati ya kifutu na binamu yake wa msituni, Bitis gabonica. Wale wote wawili ni wa jenasi moja, Bitis, na wote wawili wana sumu kali. Kumbe kinachoruhusu mimba ni ukaribu wa ukoo. Sumu haihesabiwi.

Na sumu yenyewe haifuati ukoo kama tunavyodhani. Kuna nyoka wa mitini anaitwa bumslangi, anayepatikana sehemu nyingi za Tanzania. Yuko kwenye familia ile ile ya mla mayai, lakini sumu yake huizuia damu isigande. Chonge zake ziko nyuma mdomoni, ndiyo maana kwa miaka mingi nyoka wa aina hiyo walihesabiwa kuwa si tishio kubwa kwa mtu.

Hapo ndipo wasomi nao walipoumbuka. Enzi za Tanganyika nyoka walikusanywa kwa bidii. Arthur Loveridge alifanya kazi ya wanyamapori hapa kabla ya kwenda makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Baadaye C. J. P. Ionides, bwana nyama wa Liwale, alimpelekea nyoka wengi, na Loveridge akaandika juu yao mwaka 1951. Maarifa hayakukosekana, lakini imani ya zamani hung'ang'ania.

Septemba 1957, Karl P. Schmidt, mmoja wa mabingwa wa nyoka duniani, aliletewa nyoka mdogo kwenye makumbusho huko Chicago ili amtambue. Alifanana na bumslangi, ila gamba moja, lile linalofunika tundu la haja, halikugawanyika mara mbili kama ilivyo kawaida. Gamba moja tu likamtia shaka. Wakati anamchunguza, nyoka akamuuma kidole gumba, jino moja likaingia milimita chache. Schmidt aliona sumu ni kidogo, akarudi nyumbani, akawa anaandika dalili zake moja baada ya nyingine. Asubuhi alijisikia nafuu, akapata kifungua kinywa. Mchana akafariki. Mwaka 1975 Mjerumani Robert Mertens, naye bingwa, aliumwa na nyoka mwembamba wa mitini wa jenasi Thelotornis aliyekuwa akimfuga. Akafa baada ya siku 18.

Nyoka wa Schmidt hakuwa chotara. Alikuwa bumslangi kamili mwenye gamba moja la ajabu. Ndiyo hatari ya stori yetu ya kijiweni: hakuna nyoka wa "sumu nusu" kwa sababu ya wazazi. Mtu akiumwa na "chotara" akaamua kusubiri kwa kuwa haumii sana, anaweza kuwa anarudia kosa la Schmidt, maana sumu ya bumslangi huweza kukaa saa nyingi kabla ya kuonyesha makali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka.

Kwa hiyo ukiumwa, usikae kubishana kuhusu ukoo wa nyoka. Usichanje, usifunge kamba, tulia, nenda hospitali. Na ukimkuta yule mwembamba mwenye madoa akimalizia yai, rudi nyuma, umwachie njia. Akiwa mla mayai, deni lake kwako ni yai tu. Akiwa mwingine, umeokoa maisha yako.