Mkazo na Mgawanyo wa Silabi katika Maneno Marefu: Kiswahili na Kipolandi

Jina Buhemba, la mkoani Mara, hugawanywa Bu-he-mba katika Kiswahili, kwa kuwa silabi zake zote huishia kwa irabu. Kanuni za Kipolandi zingeligawa Bu-hem-ba. Hata hivyo, lugha zote mbili zingeweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mfanano huo haukutokana na mgusano: wakimbizi wa Kipolandi takriban 5,000 walipohifadhiwa Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia mwaka 1942, kila lugha ilikuwa na kanuni hiyo tayari. Wala hautokani na udugu, maana Kiswahili ni cha kundi la Kibantu na Kipolandi ni cha Kislavi.

Maneno ambatani huidhihirisha kanuni hiyo. “Mwana” na “mapinduzi” yakiungana, mkazo mkuu hubaki mmoja: mwa-na-ma-pi-NDU-zi. Vivyo hivyo pięćdziesięciolecie, yaani maadhimisho ya miaka hamsini, hugawanywa pięć-dzie-się-cio-LE-cie. Silabi ya kwanza hupata mkazo hafifu tu. Herufi i katika cio hulainisha konsonanti, haiundi silabi.

Historia ya maneno imo zaidi katika vighairi. Katika matamshi sanifu, lázima, lenye asili ya Kiarabu, na matemátyka (hisabati) la Kipolandi, lenye asili ya Kigiriki, huwekewa mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Kwa hiyo, kufanana kwa mkazo si ushahidi wa nasaba ya lugha. Vighairi ndivyo vinavyosaidia kuonyesha maneno yalikotoka.