Dawa hakuna zahanati, nani aulizwe? Fahamu nani anaamua nini kwenye afya Arusha

Sera ya afya inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Shida inaanza pale mama anapofika dirishani na kuambiwa dawa akanunue duka la nje. Aende kwa nani? Mganga mfawidhi, diwani, mkurugenzi au wizara?

Inategemea na kituo alichopo, kwa sababu sio vyote vina bosi mmoja.

Wizara mbili, kazi mbili

Wizara ya Afya inaandika sera, miongozo na viwango vya matibabu. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zinaendeshwa na halmashauri, ambazo ziko chini ya Tamisemi, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mgawanyo huu unatokana na sera ya ugatuaji ya mwaka 1998.

Mkoa wa Arusha una halmashauri saba: Jiji la Arusha, Arusha DC, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro. Wilaya ya Arumeru peke yake ina mbili. Mkazi wa Tengeru yuko Halmashauri ya Meru, wa Ngaramtoni yuko Arusha DC. Kituo cha Afya Kaloleni, kwa upande wake, ni cha Jiji.

Kila halmashauri ina Mganga Mkuu wake, anayewajibika kwa mkurugenzi. Bajeti ya afya inapita kwenye baraza la madiwani. Kwa hiyo diwani wako ana sauti kwenye zahanati yako kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mount Meru iko tofauti

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru, haiko chini ya Jiji. Mwishoni mwa 2017 Rais John Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke Tamisemi na kwenda Wizara ya Afya. Tangu hapo mganga mfawidhi wake anaripoti wizarani, Dodoma.

Usimchanganye na Mganga Mkuu wa Mkoa. Huyu yuko Sekretarieti ya Mkoa, chini ya Katibu Tawala. Kazi yake ni kusimamia ubora na kuzishauri halmashauri zote saba.

Mgonjwa akishindikana Mount Meru, rufaa inayofuata kwa kawaida ni KCMC, Moshi, hospitali ya kanda ya kaskazini.

Pesa na dawa zinapitaje

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kituo kinapanga matumizi pamoja na kamati yake, ambayo ina wawakilishi wa wananchi.

Dawa zinaagizwa Bohari ya Dawa (MSD), ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. MSD ikikosa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa.

Ndiyo maana "dawa hakuna" inaweza kuwa na maana tatu: kituo hakikuagiza, hakina hela, au bohari haikuwa nayo. Mbili za kwanza ziulize kwenye kamati na halmashauri. Ya tatu ni swali la wizara.

Ukitokea mlipuko

Hapa ngazi zinafuatana haraka. Kituo kinatoa taarifa halmashauri, halmashauri mkoani, mkoa wizarani. Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nchi ikishajiridhisha kuwa tukio ni tishio la kimataifa ina saa 24 kuijulisha WHO.

Kutangaza ni kazi ya ngazi ya taifa. Januari 20, 2025 ni Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliyetangaza mlipuko wa Marburg Biharamulo, mkoani Kagera. Ukaguzi wa afya mpakani Namanga, wilayani Longido, nao uko chini ya wizara, sio halmashauri.

Maji ya Meru: ugonjwa huku, bomba kule

Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floridi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Yakizidi huchafua meno ya watoto na kuumiza mifupa. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita.

Wauguzi wanaona madhara, lakini hawawezi kubadilisha chanzo cha maji. Mjini bomba ni la AUWSA, vijijini ni la RUWASA, na kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto ni cha Wizara ya Maji.

Uanzie wapi?

- Zahanati au kituo cha afya: mganga mfawidhi, kisha kamati ya kituo, kisha Mganga Mkuu wa Halmashauri. Diwani pia.
- Hospitali ya wilaya: mganga mfawidhi, kisha mkurugenzi wa halmashauri.
- Mount Meru: uongozi wa hospitali, kisha Wizara ya Afya.
- Maji: AUWSA mjini, RUWASA vijijini.

Kabla hujapeleka lalamiko, andika tarehe, jina la kituo na dawa uliyokosa. Lalamiko lenye maelezo hayo ni rahisi kufuatilia, na ni vigumu kulirusha ofisi nyingine.