Safari ilirudi kwa skrini kwanza

Uliza msee yeyote hapa Nakuru, atakuambia Safari Rally ilirudi kwa mbio za dunia, yaani WRC, Juni 2021. Vumbi la Naivasha, Ogier akashinda, Katsuta akawa wa pili. Sawa. Lakini mimi huwa nabisha: ilirudi Septemba 2020, na ilirudi kwa gemu.

Tuanze nyuma kidogo. Safari ilianza 1953, mwaka Malkia Elizabeth alipotawazwa, ndio maana jina lake la kwanza lilikuwa Coronation Safari. Joginder Singh aliichukua mara 3, Shekhar Mehta mara 5. Halafu baada ya 2002 ikatolewa kwa kalenda ya dunia. Hiyo ya mwisho alishinda Colin McRae, na mimi nilikuwa sijazaliwa. Rika langu lilikua likisikia Safari kama hadithi za babu.

Kitu wazee hawakutuambia ni kwamba Kenya iliendelea kukimbiwa kwa skrini. Colin McRae Rally 2.0 ya Codemasters ilitoka mwaka 2000, na Kenya ilikuwa ndani. Yaani kuna mtoto huko Uingereza aliyeendesha "Kenya" kwa PlayStation miaka yote ambayo sisi wenyewe hatukuwa na Safari ya dunia. Inauma kidogo, si uwongo.

Kisha ikafika 2020. Safari ilikuwa irudi Julai. New Zealand na Japani pia zilikuwa zimerudishwa kwa kalenda. Korona ikazifuta zote 3. Magari yakalala, madereva wakahamia kwa mashine. Hata Formula 1 iliandaa mbio zake za mtandaoni, George Russell akashinda 4 za mwisho mfululizo akiwa ameketi nyumbani. Katikati ya hiyo hali, Kylotonn ya Ufaransa ikatoa WRC 9, na ndani yake kulikuwa na Kenya, New Zealand na Japani. Rali ambazo dunia ilikuwa imezikosa, wewe ungeweza kuzikimbia ukiwa na blanketi mabegani.

Na hapa ndipo watu wa Dundori tunaingia. Huku juu kwa baridi na viazi, intaneti ni ya bando na stima inaondoka bila kuaga. Mbio za duara kama Formula 1 zinatunyima haki: magari yanakimbia pamoja, seva iko Ulaya, ishara inachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Unamwona mtu mbele yako, kumbe tayari yuko ubavuni. Lakini rali ni wewe na saa. Mashindano ya eSports WRC, yaliyoanza 2016, yalikuwa hivyo: kila raundi mnapewa gari moja, barabara moja, hali ya hewa moja, halafu kila mtu anakimbia peke yake na muda wake unarekodiwa. Mtandao ukisuasua, kona haikungoji wala haikudanganyi. Hakuna mbio za mtandaoni zilizo karibu na haki kwa kijana wa Dundori kuliko hizo.

Ndio maana nikisikia mtu akisema huu ni mchezo wa watoto nashangaa. Jon Armstrong wa Ireland Kaskazini alikuwa bingwa wa eSports WRC 2018, na ni dereva wa rali za kweli. Gari la rali, hata la daraja la chini, ni mamilioni ya shilingi. Stiaringi na mashine si bei ya viazi pia, nakubali, na kibanda cha PS hapa kwetu kina mpira tu. Ukiomba rali unaangaliwa kama umeomba chai ya pilipili. Lakini kati ya hizo bei mbili, moja watu 10 wanaweza kuchanga.

Novemba 2023 Codemasters walirudi na EA Sports WRC, na kwa Safari yao kuna barabara inaitwa Mbaruk. Mbaruk! Hapo chini, ukitoka Gilgil kuja Nakuru. Nilipiga nduru nyumba nzima ikaamka. Hakuna matatu kwa hiyo Mbaruk yao, lakini jina ni letu.

Mwaka 2025 wakatangaza wanaacha kutengeneza gemu za rali. Siku seva zitazimwa, muda wa kila mtu aliyewahi kukimbia Mbaruk utapotea nazo.

Kwa hivyo kabla ya hapo, shirikisho la mbio za magari na kaunti wasikie hili: Safari ikija tena Naivasha, wekeni hema moja. Stiaringi 10, jenereta moja, Mbaruk kwa skrini. Mwenye saa bora apewe siku moja ndani ya gari la kweli. Nauli ya kutoka Dundori nitajilipia.