Nani atanunua uzi? Historia ya shali ya mtoto mchanga

Kila tarehe 17 Novemba dunia huwakumbuka watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Nembo ya siku hiyo ni kamba ya nguo iliyoanikwa soksi: tisa za ukubwa wa kawaida na moja ndogo ya zambarau. Katika kila watoto kumi, mmoja hutangulia wakati.

Huku Kabuchai, katika Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, nembo hiyo haihitaji mkalimani. Mbukusu akizaliwa msimu wa mvua huitwa Wafula, au Nafula akiwa msichana, na jina lenyewe linakwambia ni hali gani ya hewa iliyompokea. Ndiyo maana, pembeni mwa leso za kumbebea mtoto, kikapu cha mja mzito kilitazamiwa kuwa na vitu vya uzi: shali, boshori, sweta yenye kifungo kimoja shingoni, na soksi zisizotosha hata kidole gumba cha baba.

Ufundi huu wa kufuma tunaouita wa nyanya zetu haukuanza nao. Mababu walimfunika mtoto kwa ngozi, kisha ikaja leso kutoka pwani. Sindano za kufumia zilifuata njia ya misheni. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Friends, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua kituo Kaimosi, na baadaye kanisa likajenga makao Lugulu, katika nchi ya Wabukusu. Wavulana walishika msumeno, wasichana wakashika sindano.

Lakini iliyozifikisha sindano hizo vijijini kwa wingi ni serikali ya mkoloni. Mwaka 1952, mwaka uleule wa kutangazwa kwa hali ya hatari, kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Vilabuni akina mama walijifunza usafi, upishi, malezi, kushona na kufuma.

Mwanasosholojia Audrey Wipper alichimba mizizi ya vilabu hivyo akaikuta Kanada. Huko Stoney Creek, Ontario, mwaka 1897, Adelaide Hoodless alisaidia kuanzisha taasisi ya kwanza ya wanawake wa mashambani. Mwaka 1889 alikuwa amempoteza mwanawe mchanga, kifo ambacho kilihusishwa na maziwa machafu, na tangu hapo akafanya elimu ya akina mama kuwa kazi ya maisha yake. Basi tunaweza kusema kwamba mtoto mmoja wa Ontario ana mkono wake katika shali za Bungoma.

Wipper hakuishia kwenye huruma. Alionyesha jinsi vilabu vilivyogawa supu na maziwa kwa watoto wenye njaa, na papo hapo vikatumika kuwavuta wanawake wa Mkoa wa Kati mbali na Mau Mau. Sindano ilikuwa msaada na hatamu kwa wakati mmoja. Mwanamke aliyeinamia vitanzi vyake, mtawala alidhani, hatainua kichwa.

Alikiinua. Mwaka 1964 Ruth Habwe, kiongozi wa Maendeleo ya Wanawake, aliona chama tawala, KANU, hakiwapi wanawake nafasi, akagombea kiti cha Bunge kama mgombea huru. Chama kilimsimamisha uanachama, na wanaume wakamwambia arudi jikoni akawapikie watoto wa Bwana Habwe.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuja miaka mitano baadaye, na ulimhusu mtoto mchanga moja kwa moja. Tangu mwaka 1959 Kenya ilikuwa na Sheria ya Affiliation, iliyomruhusu mama asiyeolewa kumfikisha baba wa mtoto mahakamani na kumdai matunzo. Kwa lugha yetu hapa Chwele, Kabuchai, sheria hiyo ilijibu swali dogo: uzi wa shali utanunuliwa na nani?

Juni 1969 Bunge liliifuta. Wabunge walilalamika kwamba wanawake wanafanya mimba kuwa biashara, na kwamba sheria yenyewe ni ya kigeni, haipatani na mila zetu. Waliyasema hayo wakiwa wamevaa suti na tai, na hakuna aliyeuliza suti ilitoka kwa mababu gani. Wanawake wa Maendeleo walipinga, lakini hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa katika Bunge hilo. Grace Onyango wa Kisumu, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, shughuli ikiwa imekwisha. Taifa lililomfundisha mama kumfumia mtoto lilikuwa limemruhusu baba kuondoka bila kulipia hata shilingi ya uzi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, ndiyo iliyotamka kwamba mtoto ni jukumu la wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Miaka 41 ilikuwa imepita.

Yaliyobaki ni ya haraka. Maendeleo ya Wanawake ilimezwa na KANU mwaka 1987. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliingiza sayansi kimu katika shule za msingi, na watoto wasio na sindano wakafumia spoku za baiskeli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mikono yaliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kwetu kisichotahiniwa hakifundishwi. Mitumba ilikuwa imekwisha kufurika, kisha yakaja mablanketi mepesi ya kiwandani kutoka China.

Ajabu ni kwamba sayansi imerudi kulekule kwa nyanya. Mwaka 1978, jijini Bogotá, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwalaza watoto njiti kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, njia ambayo leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Mtoto huwa na nepi, soksi na boshori tu, kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili na hupoteza joto upesi.

Boshori moja ni kazi ya jioni moja. Kaunti zetu zingeweza kuvinunulia vikundi vya akina mama uzi, wakafumia wodi za kujifungulia mwaka mzima, badala ya kutuvalisha fulana za zambarau siku moja ya Novemba. Swali la nani anunue uzi tulilipigania hadi likaingia kwenye Katiba. Tusije tukaupata uzi siku ambayo hayupo tena wa kuufuma. Nyanya wanaojua bado wapo, na spoku za baiskeli hazijaadimika Chwele.