Sindano ya Mjane, Kutoka Madina hadi Moshi

Sisi wa visiwani tukisikia Moshi tunafikiria kahawa, ndizi na theluji. Kofia ya mkono tunaihesabu yetu, ya Unguja, Pemba na Lamu. Leo tunapanda mlima, maana habari ya mfiwa na sindano ina njia ndefu, na maharusi wetu wanaoshonea waume watarajiwa kofia wanapenda kuijua nusu moja tu, ile ya furaha.

Tuanzie Madina. Mama wa Waumini Zainab bint Jahsh (r.a.) alikuwa fundi wa ngozi. Alizidabagha, akazishona, na kipato akakitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) alipowaambia wake zake kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuwashinda wote, walipimana mikono kweli kweli! Zainab hakuwa mrefu. Alipofariki mwaka wa 20 Hijria, wa kwanza kati yao baada ya Mtume, ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ni wa kutoa. Mawaidha mengi huishia hapo kwenye sadaka. Sisi tunatazama miaka: Mtume alifariki mwaka wa 11. Zainab aliishi mjane miaka 9 hivi, na katika upweke huo mikono yake ilikuwa na kazi inayoijua.

Ngozi ndiyo iliyokuwa nguo ya Kilimanjaro pia. Kabla ya vitambaa kuenea, Wachagga walivaa ngozi za mbuzi na ng'ombe, na wanawake walijipamba kwa ushanga. Kwa hiyo kazi ya uzi na tundu haikuwa ngeni mlimani. Pwani ilileta kitambaa. Misafara ya Pangani na Mombasa ilipanda na merikani, kaniki na shanga, ikateremka na pembe. Mmishonari Johannes Rebmann alipouona mlima mwezi Mei 1848, kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, aliyekwishaijua njia ya Uchaggani. Shuleni tulifundishwa jina la Rebmann. La Bwana Kheri tumelipata ukubwani.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi, na mji ukakua kando yake. Watu wa pwani walikuja na biashara zao, dini yao na nguo zao: kanzu, kanga, kofia. Moshi ina Majengo yake kama miji mingine ya bara yenye Waswahili, na ina Msikiti wa Riadha, jina lile lile la msikiti wa Habib Saleh kule Lamu. Lamu, mnajua wenyewe, ni kwa mafundi wa kofia.

Sasa mjane. Eda yake imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 234: miezi minne na siku kumi, kama siku 128 kwa miezi ya mwandamo. Mwenye mimba yake ni mpaka ajifungue. Wanja, hina, manukato na nguo za mapambo anaviacha. Sindano haimo katika alivyokatazwa, na anachokishona kitavaliwa na mwingine.

Yeyote aliyekaa eda, awe Mkunazini au Majengo ya Moshi, anajua siku ngumu si za mwanzo. Mwanzo nyumba imejaa, kisomo kinasomwa, masufuria hayapoi. Watu wakishatawanyika ndipo saa ya alasiri inapokuwa ndefu. Hapo kofia inafaa kuliko maneno mengi ya faraja. Kitambaa cheupe kinakunjwa mara mbili, duara la juu na ukanda wa pembeni, maua yanachorwa kwa penseli, vitundu vinatobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Ukikosea hesabu ua linapinda na unafumua. Macho yako chini, kwa hiyo machozi yakija hakuna anayekukodolea. Jirani akija hahitaji kuuliza tena marehemu alifariki vipi. Anashika ukanda, anaomba sindano, mnakaa.

Hatusemi sindano inaponya kila msiba. Kuna huzuni inayohitaji daktari, na kumwendea si upungufu wa imani. Ila kofia yenye kazi nyingi huchukua miezi, na mjane anayeianza mwanzoni mwa eda huenda akaimaliza eda inapokwisha. Siku zilizopita anaziona kwenye kitambaa, ua kwa ua.

Ugumu ni kwamba vitundu havijifunzi vizuri na mtu aliyefiwa jana. Mkono unataka kuvijua kabla. Kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ndogo, na maharusi wengi sasa wananunua tu. Bi harusi wetu, anza na kipande cha bafta, sindano nyembamba, uzi mweupe na bibi mmoja mwenye subira. Kofia ya kwanza itapinda. Mume ataivaa hivyo hivyo Ijumaa.